Kumgeuza Mhusika Kuwa Mnyonyadamu: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi Anayeiweka Hadithi Yake Tanga

Mswada wa hadithi ya mnyonyadamu ukinifikia mikononi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni ukurasa ambao mtu anaacha kuwa mtu. Mara nyingi ukurasa huo haupo. Msichana wa Chumbageni anang'atwa shingoni usiku, aya inayofuata ana meno marefu, na baada ya hapo hadithi yote ni kukimbizana vichochoroni. Isitoshe, msichana huyo analala ndani ya jeneza lililofungwa kwa misumari, ingawa kwao ni Waislamu na hawazikani hivyo, na anatimuliwa kwa msalaba ambao hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kuumiliki. Mwandishi ameagiza kila kitu kutoka Ulaya, pamoja na ukungu.

Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo tu iliyorukwa, yaani jinsi mtu anavyogeuka. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: Mwanaidi, fundi cherehani wa miaka 26, mtoto wa pekee, anayeishi na mama yake katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga huko Ngamiani, na mnyonyadamu anayemjia, ambaye sitampa jina, nitamwita mgeni tu. Shauri langu ni kwamba kanuni za kugeuka zisibuniwe hewani, bali zipachikwe juu ya mambo ambayo watu wa Tanga huyafanya kila siku bila kufikiri: kupiga hodi, kuhesabu maji ya bahari, kuosha maiti, kwenda kupima wingi wa damu. Msomaji akiyaona mambo hayo ameshaamini nusu ya hadithi kabla hujamwonyesha jino.

Kabla ya kuanza: mumiani si mnyonyadamu

Pwani yetu ina neno lake la zamani, mumiani, na waandishi wengi hulitumia kana kwamba ni tafsiri tu ya kiumbe wa Ulaya. Sivyo. Kamusi za enzi ya ukoloni zinaeleza mumiani kuwa ni dawa nyeusi mithili ya gundi, iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi kwa ajili ya maumivu na mifupa iliyovunjika, na zinaongeza kwamba watu wengi waliamini imetokana na damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Baadaye neno likahamia kwa mtu anayeitafuta damu hiyo. Wakati wa ukoloni uvumi wa namna hiyo uliwaangukia hata wazimamoto, ambao katika miji ya Afrika Mashariki walisemwa kuwakamata watu usiku na kuwatoa damu.

Jambo la kuzingatia ni hili: mumiani anachukua damu ili aiuze au aipeleke kwa mkubwa wake, na aliyetolewa damu hufa au hupotea, wala hageuki kuwa mumiani. Hakuna kuambukizana. Msukule naye amegeuzwa, lakini amegeuzwa kuwa mtumwa asiye na matakwa, hana kiu yake mwenyewe. Kwa hiyo mwandishi anayetaka mtu wa Tanga ageuke, abaki na akili zake, kisha aanze kutamani damu ya jirani yake, anajenga kitu ambacho masimulizi yetu hayakumwachia tayari. Ndiyo maana mifano ya nje inafaa kusomwa kwanza, si kwa kunakiliwa bali kwa kuona wenzetu walivyolitatua tatizo hilohilo.

Hatua ya kwanza: chagua njia ya kugeukia

Katika vijiji vya Serbia vya karne ya 18, ambako habari hizi zilianza kuandikwa na maofisa wa dola ya Austria, mtu hakuhitaji kung'atwa. Mwaka 1725 mkulima aitwaye Petar Blagojević alidaiwa kurudi baada ya kuzikwa. Watu 9 wakafa katika siku 8, na mkewe akasema alimjia kuomba viatu vyake. Ukumbuke viatu hivyo, maana nitavirudia. Katika ripoti nyingine, ya mwaka 1732, Arnold Paole alisemekana kusumbuliwa na mnyonyadamu angali hai, akajitibu kwa kula udongo wa kaburi la mnyonyadamu huyo na kujipaka damu yake. Alipokufa kwa kuanguka kutoka kwenye mkokoteni wa nyasi akageuka hata hivyo, na waliokula nyama ya ng'ombe aliowanyonya wakashukiwa nao. Kaburi lake lilifukuliwa kama siku 40 baada ya kifo chake. Kwa msomaji wa pwani, ambaye anajua uzito wa arobaini, idadi hiyo ni zawadi.

Hadithi za kubuni zilikuja baadaye na zikabadilisha mambo taratibu. Hadithi ya John Polidori iliyochapishwa mwaka 1819 inamwonyesha mwungwana anayeua tu; hakuna anayegeuka. Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, ziko njia mbili: Lucy ananyonywa usiku baada ya usiku mpaka anakufa na kuamka kaburini, ilhali Mina analazimishwa kuinywa damu ya Dracula mwenyewe, na kwa hiyo anaanza kugeuka angali hai. Karne ya 20 na ya 21 zikaongeza vijidudu vya maradhi, kisha sumu ya mate inayomchoma mtu kwa siku kadhaa, na hata jamii nzima ya viumbe wanaozaliwa hivyo, ambao hawageuzwi na mtu.

Kwa Tanga mimi naona njia ya kupeana damu ndiyo yenye mizizi, kwa sababu Kiswahili kina kitenzi chake tayari: kuchanjiana. Zamani watu wawili wasiokuwa na nasaba moja waliweza kuwa ndugu kwa kuchanjwa chale na kila mmoja kuonja damu ya mwenzake, mara nyingi ikiwa imepakwa kwenye kipande cha nyama. Huo ulikuwa mkataba wenye haki na wajibu, na aliyeuvunja aliogopwa. Mgeni wetu basi hamlazimishi Mwanaidi. Anamtaka udugu, naye ni mtoto wa pekee.

Hatua ya pili: andika kanuni kwa sentensi moja, kisha uihesabu

Kanuni ya kugeuka isipoingia katika sentensi moja, itakusaliti katikati ya hadithi. Ya Mwanaidi nimeiandika hivi: mtu hugeuka pale tu anapokufa akiwa amenyonywa mara 4 na mnyonyadamu yuleyule, na akiwa amechanjiana naye kwa hiari kabla ya mara ya 4.

Kwa nini masharti yote hayo? Kwa sababu ya hesabu. Chukulia kwamba kila anayeng'atwa anageuka, na kila aliyegeuka anamng'ata mtu mmoja kwa wiki. Wiki ya kwanza wapo 2, ya pili 4, ya tatu 8, na wiki ya 20 wamepita milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,615,597 katika Mkoa wa Tanga, kwa hiyo kabla wiki ya 22 haijaisha hakuna mtu wa kunyonywa kuanzia Lushoto hadi Pangani. Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii ilifia hapo. Msomaji mmoja aliniuliza swali hilo kwa utulivu kabisa, nami sikuwa na jibu. Sharti la hiari ndilo linaloziba tundu hilo, maana linaufanya ugeukaji uwe adimu bila kukulazimisha kumpunguzia mgeni wako nguvu.

Hatua ya tatu: mpitishe mgeni mlangoni

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa kuliko pote, na ningemshauri mwandishi atumie hapa muda mrefu kuliko anavyodhani anahitaji.

Katika riwaya ya Stoker mnyonyadamu hawezi kuingia nyumbani mara ya kwanza mpaka mtu wa humo amkaribishe, ila baada ya hapo huingia apendavyo. Kwa msomaji wa Uingereza sharti hilo ni la kichawi. Kwa msomaji wa Tanga ni adabu ya kawaida. Hakuna anayeingia bila hodi. Sura ya An-Nur, katika aya ya 27 na 28, inakataza kuingia nyumba za watu bila kuomba ruhusa na inaamuru kurudi ukiambiwa urudi, na mafunzo tuliyolelewa nayo yanasema hodi ni mara 3, usipojibiwa uende zako. Mgeni wetu anafuata sheria ambayo kila mtoto wa Ngamiani anaifuata. Hilo linatisha zaidi kuliko mabawa.

Tatizo, na uzuri wake, ni kwamba neno karibu linatutoka bila kufikiri. Mtu anaosha vyombo uani, anasikia hodi, anaitikia karibu kabla hajajua ni nani. Anayekula barazani humkaribisha hata mpita njia, naye mpita njia hujibu starehe na kuendelea na safari yake. Ni lazima basi uamue ni karibu ipi inayohesabika. Karibu ya chakula inafungua mlango? Karibu ya mtoto wa miaka 5 je? Mimi nimeamua kwamba inahesabika ile tu inayotolewa na mtu mwenye haki ya kumfukuza mgeni, na uamuzi huo umenipeleka moja kwa moja kwenye ramani ya nyumba.

Ichore nyumba hiyo kabla ya kuandika. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Ikiwa imepangishwa vyumba, kila sehemu ina mwenyewe tofauti. Baraza ni ya watu wote. Mgeni anaweza kuketi hapo kila jioni, akashika kikombe cha kahawa bila kukinywa, na kusikiliza mabishano ya mpira bila kuvunja kanuni yoyote. Ukumbi ni wa wapangaji kwa pamoja, kwa hiyo mpangaji yeyote akiitikia hodi, mgeni anafika mpaka kwenye mapazia. Lakini chumba ni cha aliyekilipia, na mbele ya pazia lake inahitajika hodi nyingine. Mwenye nyumba anayekaa Raskazone hana uwezo wa kumkaribisha mtu katika chumba cha mama Mwanaidi, ingawa jengo ni lake. Kwa mpangilio huo unapata vizingiti vitatu badala ya kimoja, na unaweza kumsogeza mgeni hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, huku msomaji akihesabu mapazia yaliyobaki. Ndani kabisa kuna chandarua. Sijakihesabu kuwa kizingiti, lakini sikatai mwandishi mwingine akifanya hivyo, maana katika mji ambao mbu jike huja usiku kunywa damu na kuacha maradhi, watu wamekuwa wakijifungia mnyonyadamu nje kila jioni tangu utoto wao.

Sasa liunganishe hili na kuchanjiana. Ndugu hapigi hodi. Usiku ambao Mwanaidi anakubali udugu, mgeni anaacha kuwa mgeni, na pazia linakoma kuwa kizuizi. Msomaji makini atakuwa ameliona jambo hilo ukurasa mmoja kabla ya Mwanaidi mwenyewe.

Hatua ya nne: ushushe mwili kwa vipimo vya kweli

Mwanamke mwenye kilo 60 ana takriban lita 4 za damu. Mfuko mmoja wa mchangia damu ni mililita 450, na mchangiaji huondoka kwa miguu yake baada ya kupumzika kidogo na kunywa kitu, ila haruhusiwi kuchangia tena mpaka ipite miezi 3 kwa mwanamume na 4 kwa mwanamke. Mtu akipoteza lita 2 kwa mkupuo yuko kwenye hatari ya kufa. Tumbo la mtu nalo halibebi zaidi ya lita moja na nusu hivi bila shida, kwa hiyo ile picha ya mtu kukaushwa kwa dakika moja haina hesabu nyuma yake. Mgeni wetu anachukua kiasi cha mfuko mmoja kila mara, mara 4 katika siku 10.

Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huhitaji wiki kadhaa, na ndiyo maana kila mara Mwanaidi anaonekana amepata nafuu kidogo kisha anashuka chini zaidi ya alipokuwa. Wingi wa damu wa mwanamke mzima asiye mjamzito unapaswa kuwa 12 au zaidi. Baada ya mara ya 4 wa kwake utakuwa karibu na 8 au chini yake, kiwango kinachohesabiwa kuwa upungufu mkali. Dalili zake ni za kawaida kabisa: viganja na ulimi kupauka, kizunguzungu akisimama, moyo kwenda mbio akipanda ngazi mbili, kichwa kuuma, masikio kuvuma.

Na Tanga nani atafikiria mnyonyadamu? Mama atasema malaria. Watampeleka kupima, malaria haitaonekana, ataambiwa damu imeshuka, na huenda akaulizwa kama ukoo una selimundu. Atapewa vidonge vya madini ya chuma. Nyumbani atapikiwa matembele na maini, atanyweshwa juisi ya choya, na jirani atauliza kwa kunong'ona kama binti hana mimba. Andika yote hayo. Hofu ya kweli ya sehemu hii inatokana na upendo unaofanya kazi katika mwelekeo usio sahihi: kila kijiko cha maini anachokula Mwanaidi kinamwandalia mgeni chakula. Alama mbili shingoni hazitaonekana, kwa sababu ushungi na kanga vinazifunika mchana, na usiku taa imezimwa.

Katika kisa cha Lucy wanaume wanne wanamtolea damu mmoja baada ya mwingine, bila mtu kuuliza kama damu zao zinapatana. Stoker asilaumiwe, makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner miaka michache baada ya kitabu, mwaka 1901. Wewe huna udhuru huo. Ukimwongezea mhusika wako damu hospitalini, ndugu watapimwa kwanza, na watahangaika kutafuta wa kundi lake.

Ukipendelea njia ya maradhi badala ya kuchanjiana, tazama kichaa cha mbwa. Mwaka 1998 daktari wa Hispania, Juan Gómez-Alonso, alionyesha jinsi dalili zake zinavyofanana na za wanyonyadamu wa masimulizi: huambukizwa kwa kung'atwa, mgonjwa hukosa usingizi, hushtushwa na mwanga na harufu kali, na hushindwa kumeza maji. Kwa kawaida dalili huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, na muda huo wa kungoja ni mali kwa mwandishi.

Hatua ya tano: mpe kifo na maziko ya kwao

Wengi hukosea hapa kwa sababu wanamhitaji mhusika alale siku tatu ndani ya sanduku. Mwanaidi akifa alfajiri, atazikwa kabla ya jua kuzama. Ataoshwa, atavishwa sanda, ambayo kwa mwanamke ni vitambaa 5 na kwa mwanamume 3, atachukuliwa kwa jeneza mpaka makaburini, kisha jeneza hilo litarudi msikitini tupu. Yeye atalazwa ubavu wa kulia katika mwanandani, uso ukielekea kibla, mbao zitamfunika na udongo utashuka. Hakuna kifuniko cha kufungua polepole kwa mlio. Anayeamka pale anaamka na pamba na harufu ya kafuri, na mbao zikiwa karibu na uso wake. Mimi nadhani hilo linatosha, na mlio wa bawaba hauhitajiki hata kidogo.

Lakini tukio kuu la hatua hii linatangulia kaburi. Ni la kuosha. Wanawake wanaomwosha wanampitisha mikono shingoni, mbele na nyuma, na ndio watu wa kwanza kuziona alama zile mbili katika mwanga. Tena mafunzo yanawataka wasitiri waliyoyaona kwenye mwili wa maiti. Yupo basi mwanamke mmoja mjini, labda mtu mzima aliyeosha watu tangu ujana wake, anayejua kitu ambacho dini na heshima vinamkataza kukisema, huku maziko yakiharakishwa nje ya pazia. Mwandishi akimpata mwanamke huyo na kumpa kurasa mbili tu, hahitaji mwindaji wa wanyonyadamu mwenye mkoba wa vigingi.

Kwa mhusika Mkristo wa Muheza au Korogwe mambo hubadilika: jeneza huenda naye kaburini, kuna mkesha na nyimbo, na mara nyingi ndugu wa mbali hungojwa siku mbili au tatu. Ugeukaji wa siku tatu unaweza kumkuta bado yuko sebuleni kati ya watu. Amua mapema, maana dini ya mhusika ndiyo itakayopanga saa za hadithi yako.

Ni vizuri pia kujua walichokiona wale wafukua makaburi wa Serbia. Maiti ikianza kuoza hujaa hewa, hivyo huonekana imenenepa. Majimaji mekundu yenye giza hutoka puani na mdomoni. Ngozi ya juu hubanduka na kuacha ya chini inayong'aa kama mpya. Kucha na nywele huonekana zimerefuka kwa sababu nyama inayozizunguka imejikunja. Katika joto la Tanga hayo huja haraka zaidi. Ukimfanya mtu afukue kaburi, mpe dalili ambazo zinaweza kusomwa kwa namna zote mbili.

Hatua ya sita: panga usiku na maji

Dracula hutembea mchana, ingawa nguvu zake zimepungua. Jua lilifanywa liwe la kuua na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Ukiichukua kanuni ya jua, jua lako si la Whitby, bandari ya Uingereza ambayo Stoker alimteremshia mgeni wake, ambako usiku wa Juni una takriban saa 7 na wa Desemba karibu 17. Tanga, nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni mwaka mzima. Mgeni wetu hana majira mazuri wala mabaya. Ana saa 12 za kazi kila siku, kama mlinzi wa zamu. Saa zetu zenyewe huanza kuhesabiwa anapoamka yeye, na usiku kwetu ni wa siku inayofuata, kwa hiyo ukiandika usiku wa Ijumaa hakikisha msomaji anajua kama ni ule wa kuamkia Ijumaa.

Bahari nayo inakupa saa ya pili. Mnyonyadamu wa Stoker havuki maji yanayokwenda isipokuwa yanapojaa au yanapotulia. Mlaze mgeni wako kwenye Kisiwa cha Toten, kile kidogo chenye magofu na makaburi kinachoutazama mji kutoka katikati ya ghuba, ambacho jina lake kwa Kijerumani linahusu wafu, na papo hapo amefungwa na kalenda ya wavuvi. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukipevuka ni bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mkondo hulegea. Usiku ambao kujaa kunaangukia mapema, ana nafasi ya kwenda; ya kurudi itamtaka angoje maji yatulie kupwa, saa 6 baadaye, au yajae tena alfajiri, naye akikimbizana na jua. Mzee yeyote wa Deep Sea anayejua maji angeweza kutabiri siku 4 za kunyonywa kwa Mwanaidi, kama mtu angemwuliza.

Hatua ya saba: acha usivyovihitaji, na usimguse usiyepaswa kumgusa

Kitunguu saumu kiache. Kiko katika kila sufuria ya pilau mjini, na kikifanya kazi hadithi imekwisha. Kioo ni hiari yako. Popo wa Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, wasipewe kazi ya kunyonya: popo wanywao damu ni wa aina tatu tu, na wote wanaishi bara la Amerika. Zaidi ya hayo Amboni ni mahali ambapo watu huenda kwa nadhiri na maombi yao, na kupageuza pango la jinamizi ni uvivu.

La pili ni zito. Oktoba 2016, katika Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu waliokuwa kwenye kazi ya utafiti wa udongo waliuawa na wanakijiji walioamini kuwa ni wanyonya damu. Mwaka 2017 uvumi kama huo uliua watu kusini mwa Malawi. Vikongwe wa nchi hii wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa kuni. Kwa hiyo mhusika wako aliyegeuka asitambulike kwa macho mekundu, uzee, ulemavu wa ngozi, au ugeni wa kabila. Wala usimfanye mumiani kuwa mhudumu anayekusanya damu salama, maana yupo mgonjwa ambaye ndugu zake watakumbuka hadithi yako watakapoombwa wachangie. Dalili ya Mwanaidi nimeiweka mahali ambapo hakuna mtu aliye hai anaweza kushtakiwa nayo: hawezi kutaja jina la mtu aliyezaliwa baada ya yeye kufa.

Hatua ya nane: mrudishe nyumbani

Aliyegeuka huwaendea kwanza watu wake. Hilo halijabadilika tangu Serbia. Lakini usimrudishe mapema. Siku tatu za matanga nyumba imejaa, watu wamelala kwenye mikeka hadi ukumbini, na hata baada ya kuanua matanga shangazi mmoja au wawili watabaki na mama. Mrudishe usiku wa kuamkia arobaini, wakati mchele umeshachambuliwa na wageni wa hitima hawajafika.

Sasa kanuni ya mlango inamgeukia yeye. Mtu hapigi hodi kwao, na Mwanaidi hajawahi kupiga hodi mbele ya chumba hicho maishani mwake. Lakini aliyezikwa si mwenyeji tena, na ukiwa umeijenga hatua ya tatu vizuri, hutahitaji kumweleza msomaji kwa nini binti anasimama barazani, karibu na dirisha la chumba cha mbele, akiita hodi kwa sauti ambayo mama anaijua.

Usimpe maneno makubwa. Petar alikuja kuomba viatu. Mwanaidi aombe mkasi wake wa kukatia nguo, ule mweusi ulioachwa juu ya cherehani. Mama hajibu karibu, wala hajibu ondoka. Anasimama gizani kwa muda mrefu, anaipapasa meza, anaupata mkasi, halafu anasema atampitishia dirishani, kati ya nondo, na anaunyosha mkono wake nje.